Papa huzaa kama ndovu, panya huzaa kama dagaa

Mombasa imekuwa ikiua panya tangu ilipopata ghala lake la kwanza, na panya hawajapungua. Papa hakuna aliyewahi kuketi akapanga kuwamaliza, nao wanakwisha. Panya anawekewa sumu, mtego, gundi na paka. Papa anavuliwa kama kitoweo chochote, pamoja na nguru na tasi, na mara nyingi ananaswa na wavu ambao haukutegewa yeye. Anayeandamwa kwa makusudi anastawi, asiyeandamwa anatoweka. Kitendawili hiki jibu lake limo tumboni mwa jike.

Kwa ukoo, papa ni samaki, na panya ni mnyama anayenyonyesha, jamaa wa ndovu na wa binadamu. Hilo halina ubishi. Lakini ukija kwenye hesabu, yaani wangapi huzaliwa, wangapi hufika kuzaa, na wangapi waweza kuwatoa bila kuua mbegu, mambo yanapinduka: papa anahesabika pamoja na ndovu, na panya anahesabika pamoja na dagaa. Kosa letu, la Mombasa na la pwani nzima, ni kwamba tunamvua papa kana kwamba ni dagaa na tunamwinda panya kana kwamba ni ndovu.

Kwanza tujue tunamzungumzia nani. Jina papa linabeba aina zaidi ya 500 duniani, kuanzia papa shilingi, mrefu kama basi na mpole, hadi wadogo wasiofika hata urefu wa rula ya shule. Hapa tumshike mmoja, papa nyundo, ambaye wavuvi humwita pingusi au mbingusi. Pingusi nao si aina moja. Huyu tunayemtaka, Sphyrna lewini, ukingo wa mbele wa kichwa chake umekatwa mawimbi kama pindo la kitambaa, na katikati kabisa pana kibonyeo. Sphyrna zygaena hana kibonyeo hicho cha katikati. Sphyrna mokarran, aliye mkubwa kuliko wote, kichwa chake kimenyooka kama ubao na pezi lake la mgongoni limesimama juu mno, lenye ncha iliyopinda. Anayenunua au kuandikisha papa panapoteremshwa samaki, yaani diko­ni anatakiwa ajue tofauti hizi, maana nyama ikishakatwa vipande na kutiwa chumvi hakuna wa kuzijua tena.

Upande wa panya, wa darini na kwenye nyaya ni Rattus rattus, mwembamba, mkia wake mrefu kuliko kiwiliwili. Huyu si mwenyeji. Asili yake ni Bara Hindi, alikuja na vyombo vya biashara, na mifupa yake imefukuliwa mpaka Unguja Ukuu, mji wa kale kisiwani Zanzibar. Wa mitaroni na bandarini ni Rattus norvegicus, mnene, mkia mfupi, mchimba mashimo. Watu humwita panya buku, ingawa panya buku wa haki ni mnyama mwengine kabisa, mwenye vifuko mashavuni, yule anayefundishwa kule Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na vijidudu vya kifua kikuu. Na kirukanjia, mwenye pua ndefu na harufu kali, si panya hata kidogo. Chakula chake ni wadudu, mende wakiwemo. Anayemuua kirukanjia jikoni kwake amejifukuzia mfanyakazi asiyelipwa.

Mimba ya ndovu ni miezi 22. Mimba ya panya ni siku 22, zaidi moja au pungufu moja. Mimba ya pingusi ni miezi 9 hadi 12. Tena anazaa, hatagi: vitoto hukaa tumboni vimeungwa na mama kwa kitovu na kwa kiungo kinachofanya kazi ya kondo la nyuma, kisha hutoka vikiwa na urefu wa sentimita 38 hadi 57, kila kimoja papa kamili mwenye meno. Wengi waliokula mchuzi wa papa maisha yao yote hawajui kwamba samaki huyo ana kitovu. Dagaa jike, kwa upande wake, humwaga maelfu ya mayai majini akaenda zake.

Tofauti kubwa zaidi ni umri wa kuanza kuzaa. Panya jike huwa tayari akiwa na miezi miwili hadi mitatu, na akishazaa anaweza kushika mimba nyengine ndani ya siku moja au mbili huku bado ananyonyesha. Pingusi jike anahitaji karibu miaka 15, pungufu au zaidi kulingana na bahari aliyomo, na hapo amepita mita mbili. Katika miaka hiyo 15, ukikadiria kizazi kimoja cha panya kila miezi minne, panya wamepitisha vizazi 45. Kwa binadamu, ukihesabu miaka 25 kwa kizazi, vizazi 45 vinakurudisha nyuma zaidi ya miaka 1,100, yaani karne nne na ushei kabla msafiri Ibn Battuta hajatia mguu Mombasa mwaka 1331. Huo ndio umbali ulioko kati ya binti mmoja wa pingusi na zamu yake ya kwanza ya kuzaa, ukiupima kwa saa ya panya.

Msomaji makini atapinga kwamba pingusi huzaa watoto 12 hadi 41 kwa mkupuo, na huo si uzazi wa ndovu. Ni kweli, na katika papa yeye ni miongoni mwa wenye watoto wengi. Lakini wengi wao hawafiki mbali. Katika ghuba ya Kāneʻohe huko Hawaii, ambako watoto wa pingusi wamefuatiliwa kwa muda mrefu, sehemu kubwa hufa kabla ya kutimiza mwaka, na baadhi yao hufa kwa njaa tu: akiba ya mafuta waliyozaliwa nayo kwenye ini imekwisha na kuwinda bado hawajakujua. Ukitoa hao, kisha ukatoa walioliwa na papa wakubwa, kisha ukasubiri miaka 15, wanaobaki kwa kila mzazi ni wachache kama wa ndovu. Ndovu hupata uhaba huo kwa kuzaa mmoja na kumlea. Pingusi hupata uhaba uleule kwa kuzaa 30 na kuwaacha.

Tutunge hesabu ya kwenye karatasi. Weka papa 1,000 mahali pamoja na uwape ongezeko la asilimia 5 kwa mwaka, ambalo kwa mnyama wa namna hii si la ubahili. Mwaka wa kwanza wataongezeka 50. Ukitoa 50, umekula faida na mtaji uko palepale. Ukitoa 150 kila mwaka, mwisho wa mwaka wa kwanza wamebaki 900, wa pili 795, wa nne 569, wa sita 320, wa nane 45, na wa tisa hakuna wa kutoa. Angalia jinsi inavyohadaa. Kwa miaka minne wako zaidi ya nusu, na mvuvi akirudi mikono mitupu siku mbili tatu atasema ni upepo, ni kusi limekaza, ni maji maangavu. Kuporomoka kwenyewe kunakuja mwishoni na kwa haraka. Na binti aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza, siku papa wa mwisho anapotolewa, bado alikuwa na miaka sita ya kungoja ili azae.

Sasa rudi sokoni na ufanye hesabu ya panya. Soko lina panya 100 kwa sababu mabaki yake yanatosha panya 100. Fundi wa sumu anakuja, anaua 90, analipwa, anasifiwa. Wamebaki 10, na mezani kuna chakula cha 100. Majike walionusurika wanashiba, wanazaa wengi zaidi, na vitoto vinapona zaidi kwa kuwa hakuna wa kushindana naye. Wakijirudufu kila miezi miwili, baada ya miezi sita wako 80. Fundi anaitwa tena. David E. Davis na wenzake waliyapima mambo haya mitaani Baltimore, Marekani, katika miaka ya 1940 na kuendelea, wakaona kwamba panya waliouawa hurudi kufikia idadi ileile ya mwanzo, na kwamba kilichoishusha idadi na kuifanya ikae chini ni usafi na kuziba makao. Miaka mingi imepita, na bado masoko mengi hutenga pesa za sumu kabla ya pesa za mapipa yenye vifuniko.

Panya mmoja hula gramu 15 hadi 30 kwa siku. Mia moja, kwa gramu 20 kila mmoja, hula kilo mbili, maana yake gunia la kilo 90 linakwisha kwa siku 45. Hapo hujahesabu wanachokojolea na kukitoboa, ambacho kwa kawaida ni kingi kuliko wanachokimeza. Kwa hiyo anayetaka kupunguza panya katika masoko ya Kongowea au Marikiti aanze na saa ya kufagia. Panya hula usiku. Soko linalofagiwa alfajiri linafagia masazo ya karamu iliyokwisha kuliwa. Lifagiwe jioni, baada ya wauzaji kufunga, na taka zitoke usiku huohuo au zikae ndani ya pipa la chuma lenye kifuniko kinachobana. Magunia yawekwe juu ya mbao, yasiguse sakafu, na yaachwe kama sentimita 45 kutoka ukutani ili mtu aweze kupita na kumulika nyuma yake. Rundo lililoegemezwa ukutani ni nyumba ya bure.

Kisha mashimo. Panya mchanga hupenya tundu la milimita 12 hivi, ambalo kidole chako cha shahada hakipiti. Kuziba kwa matambara, mbao au povu ni kazi bure, kwa sababu meno ya mbele ya panya hayaachi kukua, kwa mwaka yangefika zaidi ya sentimita 10 kama hangekuwa anayasaga, na kitu laini ni cha kumfurahisha tu. Tumia wavu wa chuma wenye tundu la milimita 6, uushike kwa saruji. Papa na panya hapa wana jambo la kushangaza la pamoja: wote wawili wametatua tatizo la meno kuchakaa, ila kwa njia tofauti. Panya ana meno machache yanayoota daima kutoka mzizini, na papa ana safu nyuma ya safu, lililong'oka linafuatwa na la nyuma yake kama watu kwenye foleni ya feri ya Likoni.

Mtego una kanuni zake, na unaposhindwa kosa ni la mtegaji. Panya huogopa kitu kipya. Ukiweka mtego leo na kuufyatua leo, utampata mjinga mmoja na kuwaelimisha waliobaki. Uweke kwa siku tatu au nne una chambo lakini haujategwa, wale mpaka wauzoee, kisha itege yote usiku mmoja. Mitego mingi kwa siku chache ni bora kuliko mmoja kwa mwezi. Na iwekwe kando ya ukuta, upande wa chambo ukiugusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akipapasa ukuta kwa sharubu zake, na mtego ulioko katikati ya chumba huupita mbali.

Sumu zinazouzwa sana leo ni zile za kuzuia damu kuganda, bromadiolone na brodifacoum zikiwemo, watoto wa warfarin ya zamani. Panya hufa siku tatu hadi saba baada ya kula, na kuchelewa huko ndiko ustadi wenyewe: wenzake hawahusishi kifo na chakula. Sumu za kuua ndani ya saa chache, kama zinc phosphide, zina udhaifu wa kuwa aliyeonja kidogo akaugua akapona hairudii tena. Lakini hata hizo za polepole zikitiwa kidogokidogo zinafuga sugu, na panya waliozoea warfarin waligunduliwa Scotland tangu mwaka 1958. Sumu isiyo na jina, inayouzwa vifukoni kando ya njia, usiinunue hata kwa bei ya njugu, kwa sababu hujui ni nini wala dawa yake ni ipi mtoto akiila. Na kumbuka kwamba panya aliyekula sumu anatembea siku kadhaa akiwa nayo tumboni. Paka na bundi wanaomla hufa naye, nasi tunabaki bila askari.

Zingatia kinachofanana katika kushindwa huku: kila hatua inayolenga kuua mmojammoja hufidiwa na uzazi. Panya anaweza kulipa deni hilo. Papa hawezi, na bado vyombo vyetu vyote vya uvuvi vinamkopesha kama aliye na uwezo huo.

Vitazame vyombo vyenyewe. Jarife, wavu mkubwa wa tundu pana, unawapata wakubwa, majike wenye mimba wakiwemo. Zulumati, ile kamba ndefu ya ndoana nyingi, inawapata wa makamo. Nyavu za tundu dogo, juya, ule wavu wa kukokotwa, na matrola, zile meli zinazokokota nyavu kuvua kamba wa kuliwa, kama kule ghuba ya Ungwana, zinawapata wachanga, kwa sababu pingusi huzaa kwenye maji machafu, mafupi, karibu na midomo ya mito, palepale penye kamba. Kuna mahali duniani ambapo uvuvi wa papa umeweza kudumu kwa kuvua rika moja tu. Magharibi mwa Australia kulikuwa na uvuvi wa papa uliolenga wachanga pekee, na kanuni yake ni kwamba wakubwa waachwe kabisa wazae. Wazo hilo linaingia akilini kihesabu. Kwetu hakuna rika linalopewa upenyo: akivuka nyavu za utotoni anakutana na ndoana, akivuka ndoana anakutana na jarife.

Kanuni ya kawaida ya uvuvi, ile ya kukataza samaki wadogo na kupanua tundu la wavu, ilibuniwa kwa samaki wa umbo la pia. Changu mdogo hupenya tundu kubwa akaenda kukua. Pingusi hapenyi. Kichwa chake ni kipana kuliko mwili tangu siku anazaliwa, na tundu la wavu ambalo papa mwengine wa urefu uleule angelipita kwa ulaini, yeye analishika kwa pembe mbili za kichwa, akijipindua anajifunga zaidi. Kichwa hichohicho ndicho kilichompa ubora katika kuwinda. Chini yake kuna vitundu vidogo vilivyojaa utelezi, alivyoviandika Mtaliano Stefano Lorenzini mwaka 1678 bila kujua kazi yake, ambavyo leo tunajua vinahisi umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya taa aliyejifukia mchangani. Kichwa kipana kinafagia eneo kubwa zaidi la mchanga kwa mpito mmoja. Ila uzi wa nailoni hauna misuli wala umeme, kwa hiyo kifaa chote hicho hakimwonyi.

Tena pingusi hafai kwa desturi ya kumwachia baadaye. Papa wengine wakilala chini hupumua kwa kusukuma maji mdomoni. Pingusi sharti aogelee ili maji yapite matamvuani, na akizuiwa hukosa hewa, misuli ikajaa asidi ya uchovu. Katika papa wote wanaonaswa, yeye ni miongoni mwa wanaokufa upesi kabisa, na hata anayeachiwa akiwa hai huenda akafa baadaye. Wavu uliotegwa magharibi na kupandishwa asubuhi utampandisha maiti. Kinachosaidia ni kufupisha muda: nyavu zipitiwe kila baada ya saa mbili badala ya kulazwa usiku kucha, na kwenye zulumati kigwe cha ndoana kiwe cha uzi wa nailoni, si cha waya, ili papa aweze kukikata kwa meno akaenda zake. Akikutwa hai, asipandishwe chomboni. Ashikwe majini ubavuni mwa chombo, kamba ikatwe karibu na ndoana kadiri iwezekanavyo, asiinuliwe kwa mkia wala kushikwa matamvuani, na aelekezwe mbele ili maji yaingie mdomoni mpaka apige mkia mwenyewe. Kazi hii isipite dakika chache.

Hapa lazima tuseme lisilopendeza kwenye semina. Pingusi wa kilo 40 chomboni ni mafuta ya mashine, ni karo, ni deni la tajiri wa nyavu. Mapezi yake peke yake yana mnunuzi. Kumwambia mvuvi aachie mali hiyo kwa ajili ya watoto watakaozaliwa miaka 15 ijayo, bila kumpa chochote mkononi, ni kuuma na kupuliza kama panya. Anayetaka papa waachiwe ajibu kwanza nani atalipa siku hiyo, na kwa kiasi gani, na alipe diko­ni, si kwa fomu inayokwenda Nairobi.

Sheria za kimataifa zinasaidia kwa upande mmoja tu. Pingusi aliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mwaka 2013 kule Bangkok, masharti yakaanza kufanya kazi Septemba 2014, na mwaka 2022 huko Panama aina nyingi za papa wengine zikafuata. Shirika la IUCN, la kimataifa la kuhifadhi maumbile, linamweka pingusi katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Lakini CITES husimamia kinachovuka mpaka. Mapezi yanayokwenda ng'ambo yanahitaji kibali, ila mkebe wa papa mkavu unaotoka diko­ni hadi jikoni Majengo haugusi mkataba huo. Kenya ilipiga marufuku juya mwaka 2001 kwa tangazo la Gazeti la Serikali, na ingetosha kuulizana kwa nini neno juya bado si la historia.

Mlaji naye ana lake la kujua, na lile la harufu linaeleza mengi. Panya na papa wote huzalisha urea mwilini, ileile iliyo kwenye mbolea. Panya huikusanya kwenye mkojo mzito akaimwaga, ndiyo maana ghala lake linanuka. Papa huihifadhi damuni na nyamani kwa makusudi, ili maji ya chumvi ya bahari yasimnyonye. Akifa, bakteria huigeuza amonia, na saa chache za jua zinatosha kumfanya anuke kama choo. Kwa hiyo papa hukatwa koo na kutolewa damu mara tu anapokufa, matumbo yakatoka, akawekwa barafuni au akapasuliwa mapande membamba, akapakwa chumvi na kuanikwa. Ng'onda wa papa, ambaye zamani alishuka kwa magunia kutoka majahazi ya Arabuni na Somalia yaliyokuja na kaskazi, alizaliwa na kemia hiyo. Kumroweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili tatu, kisha ndimu au ukwaju, huondoa chumvi na harufu iliyobaki. Zebaki haiondoki kwa ndimu wala ukwaju. Papa mkubwa aliyekula samaki wengine kwa miaka 20 amekusanya zebaki yao yote, na mama mjamzito na mtoto mdogo hawafai kumla.

Mafuta ya ini, sifa, yalikuwa na kazi yake ya heshima, kupaka mbao za chombo zisipasuke kwa jua, na sehemu ya chini ikapakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Siku hizi kuna rangi za dukani, na hiyo ni sababu moja ndogo iliyopungua ya kumuua papa.

Hatua ya kwanza kabisa, na ya bei rahisi kuliko zote, ni daftari. Hesabu za uvuvi kwa miaka mingi zimekuwa zikiwatia papa wote katika safu moja, pengine pamoja na taa, kwa kilo. Kilo 200 za papa zaweza kuwa jike mmoja mwenye mimba na wenzake wawili, au zaweza kuwa mamia ya vichanga waliozolewa mahali walipozaliwa, na athari zake kwa miaka 15 ijayo hazifanani hata kidogo. Karani wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, diko­ni anahitaji safu tatu zaidi: aina, urefu, jinsia. Aina ya pingusi huonekana kwenye ukingo wa kichwa, kama ilivyoelezwa. Urefu hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, kutoka ncha ya mbele ya kichwa hadi ncha ya juu ya mkia, mkanda ukinyooshwa kando yake, usipande juu ya mgongo. Jinsia haihitaji kupasua. Mgeuze papa tumbo juu, utazame mapezi mawili ya tumboni karibu na mkia: dume ana vijiti viwili vilivyochomoza nyuma yake, laini kwa mchanga na vigumu kwa mkubwa, na jike hana. Mwezi ambao daftari litaanza kujaa vya sentimita 40 na 50 ndio mwezi wa kufunga hori hilo kwa nyavu za tundu dogo, na hapo hakuna atakayehitaji kubahatisha.